Nataka kuhamia makao ya wazee ya kulipia, wanangu hawataki

SWALI

Mshauri, asalamu alaikum.

Mimi ni mjane wa miaka 74, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naishi peke yangu ghorofa ya pili katika nyumba niliyorithi kwa baba yangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na hati iko kwa jina langu. Chini kuna duka lililopangishwa. Ngazi za nyumba zetu unazijua: za mbao, nyembamba, zimesimama wima, na pa kushikilia ni kamba. Mwaka jana niliteleza nikavunjika kifundo cha mkono, nikabaki nimeketi kwenye kona ya ngazi mpaka kijana wa dukani aliposikia nikiita.

Lakini si ngazi tu. Nilipoolewa, mtaa huu ulikuwa na watu. Nikifungua dirisha asubuhi nilikuwa najua nani kapika mahamri na nani kagombana na mumewe, na jioni tulikaa barazani wanawake wanne watano mpaka adhana ya magharibi. Wote wameondoka: mmoja amefuata mwanawe Uingereza, mwingine ameuza akahamia Mtwapa, wawili nimewazika. Nyumba ya mkabala sasa ni ya wageni wa kulala siku mbili tatu, na ile ya kando imefungwa kufuli tangu warithi waanze kesi. Sukari na presha ninazo, lakini nazimudu. Siku ambayo simwoni mtu ndiyo siimudu.

Nina watoto watatu. Mkubwa anafanya biashara Nairobi, na amenitaka mara nyingi nikaishi kwake. Nilikwenda nikakaa kwa muda. Mkaza mwanangu ni mtu mwema na sina la kumlaumu, ila kuanzia saa moja asubuhi nyumba nzima hutoka, nami hubaki na msichana wa kazi na televisheni mpaka usiku. Binti yangu yuko Kisauni, ana watoto watano katika vyumba viwili, na ndiye anayevuka daraja la Nyali kila baada ya siku mbili kuniletea samaki na kunipangia dawa. Wa mwisho yuko Doha. Yeye husema nisijali, ataleta pesa niwekewe wasichana wawili wa kunitunza.

Mwenzangu tuliyesomesha pamoja alihamia makao ya wazee ya kulipia huko bara ya kaskazini, ng’ambo ya daraja la Nyali, yanayosimamiwa na muuguzi mstaafu. Nilikwenda kumwamkua. Nilimkuta chini ya mwarobaini na mtoto wa mpishi, akimkaririsha jedwali la saba kwa ukali uleule wa zamani, na pembeni wazee wawili wakibishana juu ya bao. Vyumba viko chini, hakuna ngazi. Niliuliza ada, na pensheni yangu pamoja na kodi ya duka inatosha, ikabaki kidogo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua.

Nilipowaambia wanangu, mambo yaliharibika. Mkubwa aliniuliza, “Mama, ukienda huko, mimi msikitini nitakaa safu gani?” Wa Doha alikata simu, kisha akapiga tena kuomba radhi. Binti yangu alilia, hakusema neno mpaka leo. Binamu yangu naye akanieleza kwamba ninawanyima watoto thawabu zao, na kwamba mzazi anayelala kwa watu baki huku ana watoto hai amewaanika.

Nakuuliza: je, ninakosea? Nikienda, nitazame nini nisije nikadanganyika? Nitaongeaje na wanangu bila ya kuivunja aila? Na je, nihame kabla ya Ramadhani au baada ya Idi?

Mwalimu wa Kibokoni

JIBU

Mwalimu, waalaikumu salaam, na shikamoo.

Barua nyingi kuhusu makao ya wazee huandikwa na watoto wanaotafuta namna ya kumshawishi mzazi. Yako imeandikwa na mzazi mwenyewe, mwenye akili timamu, kipato chake na hati yake mkononi, anayetaka kwenda na kuzuiliwa. Kwa hiyo nitalitamka jibu la swali lako la kwanza bila ya kuzunguka: hukosei. Nitakalokushikilia ni jambo jingine, nalo ni kwamba uende kwa namna itakayokuruhusu kurudi.

Kuhusu dini, fatwa si kazi ya safu hii, na unaye bila shaka sheikh unayemwamini. Hata hivyo najua aya ambayo mwanao mkubwa atakusomea, nayo ni ile ya Sura Al-Israa inayowaamrisha watoto kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee, wasiwaambie hata “ah”. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba anayeamrishwa pale ni mtoto. Wajibu ni wake na haki ni yako, na sioni vipi mtoto atadai kuwa amekutendea wema kwa kukuzuilia jambo halali unalolitaka, ili yeye asisemwe msikitini. Thawabu za wanao hazijafungiwa ghorofa ya pili ya Kibokoni. Atakayetaka kuzichuma atakutembelea, atalipia dawa zako, atakuchukua Ijumaa ukale kwake, na anayepuuza hata ukikaa chumba cha pili atapuuza.

Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa wazee, ambao Katiba hiyo inawataja kuwa watu waliopita umri wa miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na ya kupata matunzo ya kiasi kinachofaa kutoka kwa familia na kwa serikali. Kinasema pia kuhusu kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na hilo ndilo ulilolikosa mtaani kwako. Kuna vilevile itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, ambayo kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi zihakikishe kwamba kukaa katika makao ya wazee kunakuwa kwa hiari na kwa gharama inayohimilika. Watu hukisoma kifungu hicho wakadhani kinamlinda tu mzee asipelekwe kwa nguvu. Mimi naona kinamlinda pia yule anayetaka kwenda na yule aliyekwenda akabadili nia.

Aibu anayoihofia mwanao ina asili yake, na si vizuri kuidharau. Kwa miaka mingi, mtu wa Kenya akisikia makao ya wazee hufikiria nyumba za watawa na za wafadhili, kama ile Nyumba ya Wazee ya Kasarani kule Nairobi, zilizofunguliwa kwa ajili ya maskini wasio na mtu wa kuwatazama. Kwa hesabu hiyo, mzee aliyeko makaoni ni mzee aliyetupwa. Makao ya kulipia ni jambo jingine kabisa, kwani wewe utaingia kama mteja mwenye mkataba, na mteja ana haki ya kuuliza, kukataa na kuondoka. Ni bahati ambayo wenzio wengi hawana: mzee anayetegemea Inua Jamii peke yake, yaani pesa za serikali za kuwasaidia wazee, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na hizo hazimfikishi hata mlangoni.

Sasa niruhusu nikusome kama ulivyokuwa ukisoma insha za wanafunzi wako. Kuanguka kwako umekumaliza kwa sentensi moja. Mtaa uliohamwa umeueleza kwa majina ya vyakula na idadi ya wanawake waliokaa barazani. Ulichokipenda kule makaoni si kitanda wala muuguzi, ni mwenzako na mtoto wa mpishi. Nina yakini kwamba ukikosa watu wa kuzungumza nao huko, hata sakafu ing’arishwe vipi, utajuta.

Kabla ya kutia sahihi, basi, tenganisha haja mbili ulizonazo. Haja ya ngazi ina dawa nyingine, nayo ni duka lako. Ungeweza kulirudisha duka ukaligeuza chumba cha kulala na choo, ukaishi chini nyumbani kwako. Si rahisi: mpangaji wa biashara nchini analindwa na sheria, inayotaka apewe notisi isiyopungua miezi miwili na kumruhusu kwenda kulalamika kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara, na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kugusa uso wa nyumba kunahitaji idhini ya ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Tena ungepoteza kodi ile ile inayokuwezesha kulipa ada. Nalitaja kwa sababu wanao watalitaja, na ni vyema ulijibu kwa hesabu kuliko kulijibu kwa hasira. Mwenyewe, baada ya kuipima barua yako, sidhani kama litakufaa. Ungekuwa umeokoka na ngazi, ukabaki peke yako karibu zaidi na kelele za pikipiki.

Pendekezo la mwanao wa Doha nalo si la kubezwa. Hata Shanghai, katika nchi ya China yenye makao ya kulipia mengi kuliko tunavyoweza kufikiria, mpango wa mji uliwekwa kwa makadirio kwamba wazee 90 kwa kila 100 watatunzwa nyumbani, 7 watasaidiwa na huduma za mtaani, na 3 tu ndio watakaokaa makaoni. Kutunzwa nyumbani ndiyo njia ya wengi duniani. Lakini wasichana wawili wa kupokezana mchana na usiku ni waajiriwa. Kima cha chini cha mshahara wa kazi za nyumbani hapa Mombasa kilivuka shilingi 16,000 kwa mwezi kilipopandishwa Novemba 2024, na juu yake kuna michango ya mwajiri ya mfuko wa pensheni wa NSSF na ya ushuru wa nyumba, mbali na bima ya afya ya SHA inayokatwa kwenye mshahara wenyewe. Atakayewasimamia, atakayetafuta mwingine mmoja akiondoka bila ya kuaga, ni binti yako aliyeko Kisauni. Pesa zitatoka Doha na taabu itabaki Kisauni.

Hapo nimefika kwa mtu ambaye barua yako imempitia upesi, nami nadhani ndiye kiini cha mambo. Binti yako hakukukataza. Alilia akanyamaza. Huenda ameona nafuu, na ameionea haya nafuu hiyo. Huenda anaogopa lawama, kwa sababu katika aila zetu mama akihama, hapana atakayemuuliza mtoto wa Nairobi wala wa Doha. Watu watasema, “Yule binti alikuwa karibu, alishindwa nini?” Zungumza naye kwanza, mkiwa wawili tu, na usimuulize kama anakubali. Mwambie kwamba kuvuka kwake daraja kila baada ya siku mbili kumekuweka hai, na kwamba hukimbii utunzaji wake. Kisha neno hilohilo ulirudie mbele ya kaka zake na mbele ya binamu yako mwenye maneno, kwa sauti ya darasani, ili siku yoyote asije mtu akamtupia jiwe. Usipolifanya hili, utakuwa umepata mwarobaini wako na umemwachia yeye bili yake.

Kwa mwanao mkubwa, mshukuru kwa chumba alichokutolea, na umweleze siku zako za Nairobi kama ulivyonieleza mimi, bila ya kumgusa mkewe. Halafu mpe kazi. Mfanyabiashara anajua kusoma mkataba, naye akiusoma, akaubishania na mwenye makao na kutia sahihi yake kama shahidi, msikitini atakuwa na la kusema: mama amechagua, nami nimesimamia. Wa Doha naye asitume pesa za wasichana. Aweke akiba kwa jina lako. Pensheni hupanda polepole, ada hupanda kila mwenye makao anapoona bei ya unga, na kile “kidogo” kinachobaki leo kinaweza kuisha kabla yako.

Kuhusu unachopaswa kutazama, ziara ya mchana chini ya mti haitoshi. Rudi baada ya isha bila ya kuaga, uulize nani huwa macho saa nane za usiku, na wazee wangapi humtegemea mtu huyo mmoja. Omba kuonyeshwa wale wasioweza kuondoka kitandani, maana wageni hukaribishwa barazani na hali halisi ya makao iko vyumba vya nyuma. Mgonjwa wa kitandani anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili asifanye vidonda vya mgongo na nyonga. Uliza zamu hiyo inaandikwa wapi, na ukisema “nionyeshe daftari” utaujua ukweli kabla hawajajibu. Nusa shuka. Uliza nani atakuogesha siku utakaposhindwa, na kama ni mwanamke kila siku au hutegemea zamu. Uliza maji ya udhu, chakula cha mwenye sukari, na namna dawa zinavyopangwa kwa anayefunga. Uliza pia ukipata shida usiku gari ni la nani, kwani kutoka bara ya kaskazini mpaka Hospitali Kuu ya Pwani mtavuka daraja la Nyali, na foleni ya hapo unaijua.

Swali ambalo wengi hulisahau ndilo zito kuliko yote. Leo unaingia kwa miguu yako na kumbukumbu yako. Je, ukianza kusahau majina, ukapotea njia ya chooni, au ukalala kitandani usiamke, makao hayo yatakubakisha au yataipigia aila simu ije ikuchukue? Ada itapanda kiasi gani? Yapo makao yanayopokea wazee wenye nguvu pekee, na si vibaya, mradi yaseme. Jibu la swali hili liandikwe ndani ya mkataba. Mdomo usikutoshe, hata ukiwa mdomo wa muuguzi mstaafu wa kuheshimika.

Mkataba huohuo ueleze ada inaongezwa kwa notisi ya muda gani, amana inarudishwa lini ukiondoka, na kwamba uko huru kutoka kwenda mazishini, harusini na kulala kwa binti yako bila ya kuomba ruhusa kama mwanafunzi wa bweni. Lipa mwezi kwa mwezi. Ukiambiwa kwamba anayelipa mwaka mzima hupunguziwa, shukuru na ukatae. Kadi yako ya benki na namba yako ya siri ya M-Pesa zisikae na mtu wa makaoni, awe mwema vipi. Ukihitaji wa kukulipia, mwandikie binti yako hati ya uwakili kwa wakili, yenye mipaka.

Na nyumba usiiuze, wala ghorofa yako usiipangishe mapema. Ingia makaoni kama mgeni kwa miezi mitatu ya mwanzo, kitanda chako na makabati yako yakibaki Kibokoni vilevile. Nakuomba hili kwa sababu mzee aliyekwishaiachia nyumba huanza kuvumilia mambo ambayo asingeyavumilia, na aila iliyokwishaona kodi ya ghorofa ikiingia huanza kusahau kumuuliza kama anafurahi. Mwanao yeyote akianza kuzungumzia mgao wa nyumba, mkumbushe kwa upole kwamba mirathi hufunguliwa na kifo, na wewe ungali hai, na nguvu za kukaririsha jedwali la saba ungali nazo.

Sasa Ramadhani. Usihame kabla yake. Mwezi huo mtaa wako hujaa tena, watu hupelekeana futari, binti yako atakuja na watoto, na ukiwa makaoni utalia kila magharibi bila ya makao kuwa na kosa. Ukihama katikati ya pilikapilika za Idi nayo, wanao watakuwa wageni wa kukimbia. Itumie Idi kwa kikao, maana ndipo wa Nairobi huja na pengine wa Doha hupata likizo. Uwe tayari una nakala ya mkataba mkononi kwa ajili ya mkubwa, na umeshazungumza na binti. Hamia wiki za baadaye, katika mwezi wa kawaida usio na sherehe, mtaa ukiwa umekwishanyamaza tena, ili unapolinganisha makao na Kibokoni ulinganishe siku za kawaida kwa siku za kawaida.